Faini ya Swali la Dhahabu

Wapendwa, kaeni vizuri kwenye mabenchi yenu, maana leo hapa habembelezwi mtu.

Palikuwa na kikundi cha akina mama, kikoba cha kuweka akiba kama hivi vyetu. Sanduku lao la bati lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti. Mmoja akifiwa, sanduku halifunguliwi hadi arudi matangani. Na faini walitoza kwelikweli. Umechelewa, faini. Simu imelia, faini. Umevuruga kikao, faini, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Mwenyekiti wao alikuwa mjane, mkaanga maandazi. Tangu mumewe afariki alikuwa akiamka jogoo hajawika, na moshi ulikuwa umeshaanza kumla macho. Alitaka kitu kimoja tu duniani: azeeke bila karai. Sanduku lilipojaa, yeye ndiye aliyesema, "Jamani, hela ikikaa humu inaoza. Tuiweke mahali ilale mpaka uzee wetu." Wakakubaliana watafute mfuko wa dhahabu, ule ambao watu wengi wanachanga, mwenye mfuko anawanunulia dhahabu, inatunzwa miaka na miaka, na kila mtu ana sehemu yake.

Wakaja wawili kujinadi.

Wa kwanza alikuja kwa miguu, suruali imejaa vumbi. "Mama zangu, dhahabu si mbuzi, haizai," akasema. "Inakaa tu. Kuna mwaka itapanda, kuna mwaka itashuka na mtanitukana. Msiweke hela yote, wekeni sehemu. Ada yetu ya mwaka ni hii hapa, naisema mapema. Dhahabu yenyewe inalala ghala la benki, siyo kwetu, na kila mwaka wakaguzi wa nje wanakwenda kuipima. Mkitaka, tumeni mtu akaone."

Akina mama wakapiga miayo. Mmoja akanong'ona, "Huyu anauza dhahabu au anatangaza msiba?"

Wa pili alishuka kwenye gari. Alileta soda, akaleta na vitenge vya sare. Akaanza kwa sala, sala ndefu, hata wengine wakalia. Kisha akafungua kitambaa chekundu, akatoa kipande cha dhahabu, wakapokezana, wakakibusu. "Mfuko wetu haujui kushuka," akasema. "Na wewe, Mama Mwenyekiti, nimeoneshwa jambo juu yako. Hutashika karai tena."

Hapo mjane akaisha.

Sasa, pale alikuwepo mama mmoja muuza mkaa, mgomvi, mchelewaji. Nusu ya faini za kikundi zilitoka kwenye pindo la kanga yake. Wala msidhani alikuwa mtakatifu, kitenge cha bure alishakitupia begani kabla ya wenzake. Akanyanyua mkono. "Kaka, hiki tumekibusu. Hiyo dhahabu nyingine iko wapi, na ufunguo wake anao nani?"

Yule bwana akacheka taratibu. "Mama, unamdai mtumishi wa Mungu ufunguo?"

Nisikilizeni hapa. Swali lile lile lilikuwa limemkwama mwenyekiti kooni tangu kitambaa kilipofunguliwa. Lakini moyoni alikuwa ameshalitua karai, na nani anapenda kujitwika upya? Akamgeukia mwenzake. "Dada, umevuruga kikao mbele ya mgeni. Faini."

"Nimevuruga nini? Nimeuliza."

"Haya, na ya kubishana."

Akalipa. Wenzake wakapiga makofi. Wenye funguo wakafungua kufuli zao, wakatoa akiba yote ya uzee wao, wakampa mtu mmoja mwenye begi la zipu. Zipu, wapendwa. Ile faini wakaitupia sandukuni, na hiyo wakaifungia kwa kufuli tatu.

Mnajua kilichofuata, mbona mnainamisha vichwa? Simu ya bwana yule ikaacha kupatikana. Walipokwenda ofisini kwake wakakuta panauzwa mitumba. Mjane akarudi jikoni, akakaanga hadi jicho moja likazimika. Siku ya kuvunja kikundi wakafungua sanduku. Ndani hamkuwa na kitu, ila ile faini.

Mwenyekiti akaichukua, akampelekea muuza mkaa pale alipokaa. "Pokea, mwenzangu. Ni yako. Tulikukosea."

Muuza mkaa hakunyoosha mkono. "Hela kaa nayo ukanunue dawa ya jicho," akasema. "Mimi nilitaka jibu."

Nani ananigunia? Msinikimbilie na habari za mwizi. Mwizi ni mwizi, na Mungu ana shauri naye. Mimi naulizia wale waliopiga makofi. Mwizi alibeba begi tu. Mlinzi, yule aliyeuliza, alinyamazishwa na wenyewe, wamevaa sare.

Na sisi je? Mtu akisimama humu ndani akauliza bati za jengo zimefikia wapi, hatusemi ana roho ya uasi? Binti akiuliza mchumba aliyeletewa anakula wapi na analala wapi, hatumwambii anachagua sana atabaki nyumbani? Kufuli tunaziweka kwenye senti. Uzee wetu, watoto wetu, roho zetu hizi, tunamkabidhi yeyote anayejua kusali kwa sauti ya kutetemeka. Kisha anayeuliza tunamwita hana imani. Imani gani hiyo inayoogopa swali la muuza mkaa? Yuko mwanafunzi aliyesema haamini mpaka aguse kovu. Akaoneshwa kovu. Hakutozwa faini.

Basi tukimaliza hapa mapato ya jengo yatasomwa. Mwenye swali asimame. Na sisi wengine tutazame vizuri, ni mkono wa nani utakaomvuta kanga ili akae.