Mambo Sita ya Bonde la Mbwiji

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Hiyo ni sauti ya watu walioshiba, au ya watu wanaosubiri kula? Rudieni. Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa nimesikia. Na nyinyi wakubwa mlio kule nyuma, msijifanye hadithi ni ya watoto. Hii ni yenu pia. Huenda ni yenu zaidi.

Hapo zamani, zamani hasa, kabla babu wa babu yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na bonde likiitwa Mbwiji. Katikati ya bonde ulipita mto. Upande jua linakotua palikuwa na kilima. Na mbali kabisa, kule mto unakotoka, palikuwa na milima mikubwa, na mbele ya milima mwamba mweupe.

Juu ya mwamba ule alikaa Bi Pimbi. Mfupi, mnene, mkia hana. Lakini macho alikuwa nayo! Kazi yake ilikuwa moja tu: kuutazama mto. Akiona jambo, apige kelele.

Huku bondeni waliishi wengine. Kanga na kundi lake, kwenye majani. Kima na jamaa zake, mitini. Kiboko na ukoo wake, mtoni. Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bonde. Nani alimchagua? Hakuna aliyekumbuka. Alikuwa mnene, akakaa mbele, basi.

Na vichakani aliishi Digidigi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, miguu kama njiti, jina lake Mwatime. Kwa hiyo bonde zima lilimwita Mama Mwatime.

Kila mnyama alikuwa na kelele yake ya hatari. Kanga alilia, "Cheke-cheke-cheke!" Kima alilia, "Kyau! Kyau!" Kiboko alilia, "Hoo! Ho-ho-ho!" Mama Mwatime alipuliza kwa pua, "Zwik! Zwik!" Kila mmoja aliipenda kelele yake. Kila mmoja aliisifu kwa watoto wake. Lakini kelele ya mwenzake ilikuwa na maana gani? Hakuna aliyejua. Kuna aliyeuliza? Hakuna.

Basi siku moja, mchana mweupe, jua linawaka bondeni, hata wingu hakuna. Lakini kule milimani mvua ilikuwa inamwagika. Bi Pimbi akatazama. Akaona maji yanateremka, mekundu, yanabingirisha magogo. Akasimama kwa miguu miwili akalia:

"Kwiii! Kwiii! Kwe-kwe-kwe-kwe!"

Kwa Kipimbi maana yake ni hii: maji yanakuja.

Kanga akainua shingo. "Mmesikia? Pimbi analia. Pimbi huogopa nini?"

"Mwewe," wakasema kanga wenzake.

"Basi ni mwewe! Cheke-cheke-cheke! Laleni chini!" Kanga wote wakajibanza kwenye majani, kimya, tumbo chini.

Kima akasikia kutoka juu ya mti. "Kanga wamelala chini. Kuna ndege mkubwa angani. Kyau! Kyau! Shukeni mitini!" Kima wakashuka, puu, puu, puu.

Mama Mwatime akachungulia kichakani. Akaona kima wanadondoka kama matunda yaliyoiva. "Yarabi! Kima hashuki mtini bure. Chui yuko juu ya mti! Zwik! Mwatime, mwanangu, nifuate. Twende tukajifiche kwenye matete kando ya mto."

Kiboko akaona digidigi wanaukimbilia mto. Akafikiri. Kiboko akifikiri huchukua muda. "Wanakimbia kitu cha nchi kavu," akasema. "Ni moto. Hoo! Ho-ho-ho! Ukoo wangu, zameni, mtu asitoe hata sikio!"

Mnaona, jamani? Hakuna aliyelala usingizi. Hakuna aliyepuuza. Kila mmoja alisikia, kila mmoja akatahadhari, kila mmoja akakimbia. Na wote, kwa haraka na kwa utii, wakaenda pale pale maji yalipokuwa yanakuja.

Vuuuuu!

Maji yakaingia bonde la Mbwiji. Yakafagia majani na mayai ya kanga yaliyokuwamo. Yakawazoa kima waliokuwa chini, wengine wakashika matawi kwa ncha za vidole. Yakawagonga viboko kwenye mawe, tii, tii. Mama Mwatime akajikuta ukingoni, mdomo umejaa tope. Akageuka.

"Mwatime!"

Matete yote yamelala chini.

"Mwatime!"

Akaita mpaka sauti ikakauka. Aliitikiwa na maji tu.

Baada ya msiba, nini kinafuata? Wakubwa mnajua. Kikao.

Kiboko akaitisha kikao cha bonde zima. Siku ya kwanza walijadili nani akae kivulini. Siku ya pili walijadili kikao kiitwe jina gani. Siku ya tatu Kiboko alisoma hotuba, na wengi wakapumzika. Siku ya nne ndipo wakafikia jambo lenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Kanga, "tatizo ni kelele kuwa nyingi. Wote mjifunze Kikanga. Ndicho kinachosikika mbali."

"Kikanga?" Kima akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi mna neno moja tu. Mkiona mwewe, cheke-cheke. Mkiona mdudu, cheke-cheke. Mkionana wenyewe kwa wenyewe, cheke-cheke. Wote mjifunze Kikima. Sisi tuna maneno mawili."

"Kelele ya bonde," akasema Kiboko, "haiwezi kuwa nyingine ila ya Mwenyekiti. Ni suala la heshima."

Wakajaribu. Kiboko akajaribu kulia Kikanga, akatoa sauti kama mlango mbovu. Kanga akajaribu kukoroma Kikiboko, akazimia. Wakammwagia maji. Alipozinduka akasema amehujumiwa. Kikao kikawaka moto. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, vumbi linapaa.

Mama Mwatime alikuwa ameketi pembeni siku zote nne. Sasa akasimama. Ni mdogo sana, ikabidi apande juu ya kichuguu.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Kwa kifupi, mama," akasema Kiboko, ambaye hotuba yake ilichukua siku nzima.

"Siku ile nilisikia kelele nne," akasema Mama Mwatime. "Ya Pimbi nilisikia. Ya Kanga nilisikia. Ya Kima nilisikia. Ya kwangu mwenyewe nilipuliza kwa pua yangu hii. Hakuna hata moja iliyoniambia nimpeleke mwanangu wapi."

Vumbi likatua. Hata nzi walitua.

"Kelele zenu bakini nazo," akaendelea. "Sitaki Kikanga, sitaki Kikiboko. Kila mtu aseme kwa lugha yake, watoto wake wamwelewe. Mimi nataka ndani ya kelele muwe na mambo sita. Sita tu. Na mpangilio uwe ule ule kwa wote."

"Yapi hayo?" akauliza Bi Pimbi, ambaye tangu siku ile hakuwa na raha.

Haya, watoto, hesabuni nami kwa vidole.

"Nani anasema. Moja. Kuna hatari gani. Mbili. Iko wapi. Tatu. Inafika lini. Nne. Ni kubwa kiasi gani. Tano. Tufanye nini. Sita."

"Na salamu je?" akauliza Kiboko.

"Hapana."

"Na cheo cha mwenye kutoa taarifa?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Hata dua fupi ya kufungua?"

"Omba ukiwa unakimbia, baba."

Wakaketi siku mbili nyingine, safari hii wakifanya kazi. Kanga akafundishwa Kipimbi kidogo, yale mambo sita tu. Kima akafundishwa yale sita ya Kikanga. Mama Mwatime akajifunza ya Kikima. Viboko wakajifunza ya Kidigidigi, na kwa unene wao walijitahidi. Kila mmoja akaweza kupokea kutoka kwa jirani yake na kuwapa wa kwake. Kiboko akatangaza kwamba wazo lilikuwa lake. Wakamwachia.

Haukupita mwezi, Kima akafanya ukima wake. Aliona mtama umeiva na kanga wamejaa shambani. Akaficha uso kwenye majani, akapiga kelele: "Moto! Hapa! Sasa hivi! Mkubwa! Kimbieni wote, acheni kila kitu, hasa mtama!"

Kanga wakaanza kukunja mbawa wakimbie. Kanga mkubwa akasema, "Ngojeni. Mmehesabu ngapi? Mimi nimesikia matano." Akapaza sauti: "Nani anasema?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

Majani yakatikisika, mkia ukabaki nje.

"Mimi nani, wewe mwenye mkia unaoning'inia?"

Kima akashuka taratibu, akasema alikuwa anafanya jaribio. Kila mwongo akikamatwa husema alikuwa anafanya jaribio. Bonde likakubaliana kuwa neno lisilo na mwenyewe halipokelewi, na Kima akala majani makavu msimu mzima.

Ikapita miezi. Jua likawaka, majani yakaota tena. Asubuhi moja Bi Pimbi akatazama milimani. Mvua. Akatazama mto. Mwekundu, tena mara mbili ya siku ile. Safari hii hakulia hovyo. Akavuta pumzi.

"Pimbi wa mwamba mweupe. Maji. Mto mzima na kingo zake. Kabla jua halijafika utosini. Yanapita vichwa vya matete. Pandeni kilima cha jua linakotua."

Kanga akapokea, akahesabu sita, akapasha habari. Cheke-cheke. Kima akapokea, akahesabu sita, akapasha. Kyau. Mama Mwatime akapokea. Akahesabu sita, hakuruka hata moja. Akapuliza kwa pua, zwik, zwik, mpaka mtoni.

Viboko wakasikia, wakahesabu, wakaanza kutoka majini mmoja mmoja, ndama wao mbele. Sasa ni zamu ya Mwenyekiti kuwapasha viboko waliolala bwawa la chini, kule mto unakoteremkia.

Kiboko akapanda jiwe. Akasafisha koo.

"Ndugu wananchi wa bwawa la chini. Mimi, Kiboko, Mwenyekiti wa bonde, mlezi wa kingo, mwasisi wa mambo sita, kwa heshima na taadhima nachukua fursa hii kuwasalimu..."

"Mwenyekiti," Mama Mwatime akamwita kutoka ukingoni, "maji!"

"Usinikatize, mama. Kabla sijafika kwenye mada, niwashukuru wajumbe wote wa kikao, nikianza na..."

Mama Mwatime hakungoja. Akakimbia na vile vijiti vyake vya miguu mpaka bwawa la chini, akawapa sita. Viboko wa bwawa la chini wakatoka mbio, nchi ikatikisika. Wakampita Mwenyekiti wao akiwa anamshukuru mjumbe wa tatu.

Vuuuuu!

Maji yakaja, yakamchukua Kiboko katikati ya neno "aidha". Yakampeleka mbali, mbali sana, mpaka bwawa la viboko wageni. Wakamuuliza, "Wewe nani, na umefuata nini?" Akaanza kutaja vyeo. Wakamfukuza kabla hajafika cha nne. Alirudi Mbwiji kwa miguu, siku kumi na mbili, ngozi imebabuka kwa jua, amekonda kama mbuzi.

Lakini tumwache Kiboko, twende kilimani.

Wanyama wote walikuwa juu, wamebanana. Kanga na vifaranga vyao, kima na watoto mgongoni, ndama wa kiboko wakilalamika njaa. Maji yalipita chini yao siku nzima. Siku ya pili yakapungua. Siku ya tatu hakuna aliyethubutu kushuka, kwa sababu hakuna aliyejua kama yamekwisha au yanapumzika. Kisha mbali, kwenye mwamba, sauti ikatoka:

"Pimbi wa mwamba mweupe. Maji. Mto mzima na kingo zake. Tangu asubuhi hii. Hatari imekwisha. Shukeni."

Mama Mwatime akasimama njiani, mahali njia inapokuwa nyembamba. Watoto wakapita mbele yake mmoja mmoja, na yeye akawa anawagusa kwa pua. Kifaranga. Kifaranga. Mtoto wa kima. Ndama. Akawahesabu wote wa bonde mpaka wa mwisho. Hakupungua hata mmoja.

"Wametimia, mama?" akauliza Kanga.

"Wametimia," akasema.

Kisha akaingia kichakani peke yake, akalia. Wote walisikia, na hakuna aliyehitaji kuambiwa maana ya kelele ile. Kanga akawanyamazisha watoto wake, wakakaa karibu na kichaka, wakangoja mpaka alipotoka.

Basi wasikilizaji wangu, wadogo na wakubwa, fundisho lake ni hili. Anayeonya watu na aseme yeye ni nani, kuna nini, wapi, lini, kiasi gani, na wafanye nini. Kila mmoja na aseme kwa lugha yake, lakini mambo yawe yale yale. Na asipambe onyo kwa vyeo, maana anayepoteza muda kujisifu anapoteza watoto wa watu.

Ngano yangu nimeifikisha hapa, na hapa ndipo ninapoitua.