Ngiri Kombo na Bei ya Jumla

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kidogo kidogo, kama watu wanaonunua sukari ya kufungiwa kwenye karatasi. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hiyo sasa ni ya gunia. Sogeeni karibu. Na wewe uliyerudi jana kutoka sokoni na mabeseni kumi na mawili, eti bei ilikuwa nafuu, kaa hapa mbele nikuone vizuri.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda dukani kama sisi, palikuwa na ngiri aitwaye Kombo, na mkewe Bi Mize, na watoto wao wanne. Mtoto wa kwanza aliitwa Riziki, basi mke alimwita mumewe Baba Riziki, na mume alimwita mkewe Mama Riziki, kama heshima inavyotaka. Walikaa katika shimo refu lililoachwa na muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, alipohama.

Ngiri wana desturi yao. Hawaingii shimoni kwa kichwa kama panya. Huingia kinyumenyume, matako kwanza. Watoto huanza, mama hufuata, baba humalizia, uso nje na pembe nje, ili adui akija akutane na pembe. Katika nchi ile alikuwapo Chui, na Chui yule hakuwa na dogo. Kila jioni Bi Mize aliwahesabu wanawe shimoni, na kila jioni walitimia wanne. Utajiri mwingine hakuutaka.

Kila asubuhi alikwenda dukani kwa Tumbili, akanunua kibaba cha maharage, kipande cha sabuni na chumvi ya kutosha chungu kimoja. Akishapimiwa, alisimama palepale akidai nyongeza, na Tumbili alimtupia punje tano huku akiguna. Maisha yakaenda.

Siku moja Bi Mize akashikwa na homa, akaenda Kombo. Tumbili alipoona mwanamume ameingia dukani, moyo wake ukafurahi.

"Shemeji Kombo," akasema, "wewe na pembe zako zote hizo unanunua kibaba? Anayenunua kibaba ananilisha mimi na wanangu. Anayenunua gunia anajilisha mwenyewe. Chukua kimoja ulipe, chukua kumi ucheke."

Kombo akachukua magunia kumi ya maharage. Akayaviringisha kwa pua, moja baada ya jingine, mpaka nyumbani, na kweli alikuwa anacheka.

Bi Mize akainua kichwa. "Baba Riziki, yote haya tutayaweka wapi?"

"Shimo refu, Mama Riziki. Akiba haiozi."

Mgonjwa hana nguvu za kubishana na methali. Bi Mize akajilaza, na magunia yakasukumwa mpaka mwisho wa shimo, pale walipokuwa wakilala watoto. Watoto wakasogea mbele kidogo.

Basi, maharage yakiwa mengi hayapikwi kidogo. Kibaba kilichowatosha kutwa sasa hakikutosha hata asubuhi, maana Kombo alisema, "Kuleni, tumeyapata kwa nafuu." Wakala asubuhi, wakala mchana, wakala jioni. Mnajua maharage yalivyo, na mnajua watu sita kulala shimo moja. Sisemi zaidi.

Kombo alikuwa ameshanogewa. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, bila kutumwa. Tumbili alikuwa amepanga katoni za sabuni hadi darini, na pembeni mwake fagio mia moja zimefungwa kamba.

"Shemeji, sabuni nayo ni vilevile, chukua kimoja ulipe, chukua kumi ucheke. Na ukichukua kumi, fagio hizi nakuuzia kwa bei ya kutupa."

"Fagio mia?" Kombo akauliza. "Nyumba yangu ni shimo."

"Ndiyo maana. Shimo lina vumbi."

Kombo akaona hilo ni neno la mwenye akili. Akarudi na katoni kumi na fagio mia, akicheka njia nzima.

"Baba Riziki, yote haya tutayaweka wapi?"

"Shimo refu, Mama Riziki. Akiba haiozi."

Watoto wakasogea mbele tena. Bi Mize akasogea mbele. Kombo mwenyewe sasa alilala kichwa kikiwa nje, na alfajiri umande ulimlowesha masikio. Kwa maharage, methali ilitimia kweli: hayakuoza. Yaliliwa na dumuzi. Magunia matano yalibaki unga mtupu na vijidudu vinavyotembea.

"Baba Riziki," mkewe akamwambia, "viazi tulivyochimba mwaka mzima umempelekea Tumbili. Tangu tuanze kupata nafuu, sijawahi kuona dhiki kama hii."

Kombo akamhurumia. Wanawake, alijisemea, hawaoni mbali.

Mara ya tatu ikawa chumvi. Tumbili hakuhangaika hata kusema sana. "Chukua kimoja..." akaanza, na Kombo akamalizia mwenyewe, "...ulipe, chukua kumi ucheke." Magunia kumi ya chumvi. Ngiri mmoja na mkewe na watoto wanne, chumvi ya kula mpaka wajukuu wa vitukuu.

"Baba Riziki, yote haya tutayaweka wapi?"

"Shimo refu, Mama Riziki. Akiba haiozi."

Akayasukuma ndani kwa pua, akasukuma, akasukuma, mpaka gunia la mwisho likaingia. Akapangusa jasho, akaenda na familia yake malishoni, kifua mbele.

Jua lilikuwa bado juu Chui alipotokea. Bi Mize ndiye aliyemwona kwanza, akaguna mara moja tu, na wote wakakimbia, mikia juu, mpaka shimoni. Riziki akaingia kinyumenyume, wadogo zake wakafuata. Bi Mize akaingia kinyumenyume, akafika mabegani, akakwama. Kombo akageuka, akarudi nyuma kama baba yake alivyomfundisha. Matako yake yakagota usoni kwa mkewe.

"Sogeeni," akasema Kombo.

"Hatuna pa kusogea."

"Sogeeni, Mama Riziki, Chui huyo."

"Nyuma ya watoto kuna chumvi," akasema Bi Mize. "Iambie chumvi isogee. Imelala mahali pako."

Hapo Kombo akaelewa. Hakucheka.

Chui alifika polepole, kama mtu aliyeona chakula kimeshaandaliwa. Akaketi, akatazama.

"Bwana Kombo," akasema, "kwa kawaida mimi huchukua mmoja mmoja. Mke wangu hunisema kila siku, eti nachosha miguu kwa kitoweo cha siku moja. Juzi nikasikia habari zako kwa Tumbili, kwamba mwenye akili hununua kwa jumla. Nikasema, kweli. Leo nimekuja kuchukua wote sita."

Kombo akaomba. "Bwana wangu, chukua chumvi. Magunia kumi, hayajafunguliwa."

"Nitachukua. Nyama, chumvi yake, na sabuni ya kunawia, vyote mlango mmoja. Sijapata kuona duka kama hili."

Bi Mize alisikia pumzi za wanawe nyuma yake, wote wanne, zikienda mbio. Lakini yeye alikuwa amesimama mbele ya mizani ya Tumbili miaka yote, na mwenye kutaka vingi alimjua.

"Bwana Chui," akasema, "mti wako una tagaa ngapi za kubeba mzoga?"

Chui akafikiri. "Moja nzuri."

"Basi mmoja utampandisha. Watano watabaki chini, na Fisi na ukoo wake hawahitaji ngazi. Utakuwa umechosha miguu kumlisha Fisi."

Chui akakuna kidevu. Akaona kweli. "Basi nichukue mmoja tu," akasema, na macho yake yakatua kwa Kombo, maana ndiye aliyekuwa nje mzima mzima.

Bi Mize angeweza kunyamaza. Nakwambieni, wako ambao wangenyamaza. Lakini alijikwamua akatoka shimoni, akasimama bega kwa bega na mumewe, pembe zake zimeinama mbele, na Kombo naye akainamisha zake.

"Hata mmoja hapimwi bure," Bi Mize akasema. "Njoo upimiwe."

Chui akatazama pembe za mume, akatazama pembe za mke, akatazama tumbo lake mwenyewe lilivyo laini. Akainuka, akajinyoosha.

"Sina haraka," akasema. "Nyinyi endeleeni kununua. Tumbili akipunguza bei tena, nitawakuta wote mko nje."

Akaenda zake.

Kombo alipiga magoti palepale mbele ya mkewe, pua chini mavumbini. Bi Mize alimwacha hivyo muda mrefu, nami simlaumu. Kisha akaanza kuwatoa watoto, na baada ya watoto, chumvi.

Tumbili alikataa kurudishiwa hata fagio. Magunia yakakaa nje, mvua ikanyesha, chumvi ikayeyuka ikaingia ardhini. Nyati na swala wa nchi nzima wakaja kuilamba ardhi ile bure, wala hakuna aliyeuliza bei.

Na Kombo, njaa ilipomshika siku ile ya Chui, aliona haya kusimama mbele ya wanawe. Akala majani vivyo hivyo alivyokuwa, amepiga magoti, tonge moja, halafu jingine. Tangu hapo ngiri wote hula wamepiga magoti. Wenye kujua mengi husema ni kwa sababu shingo ya ngiri ni fupi. Shingo haina kosa. Anaomba radhi.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami sina nyingine ghalani.