Sikudhani Aliyempiga Fisi kwa Mwiko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Semeni pakawa binti, pakawa mama yake, pakawa na fisi mmoja mwenye maneno mengi. Sogeeni basi, mlio nyuma msikanyage mkeka kwa miguu ya tope, nianze kabla hamjaanza maswali.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakibisha hodi na kukaribishwa, palikuwa na kijiji kando ya pori. Watu wa kijiji hicho walikuwa watani na fisi. Utani wa kweli, wa tangu mababu. Fisi akija kwenye sherehe akachukua nyama sahanini mwako, humfukuzi. Akikucheka, humkasirikii. Unamrudishia lake, mnacheka wote, yanaisha. Aliyemkasirikia mtani alikuwa amefanya kosa kubwa kuliko kuiba.

Humo kijijini alikaa mama mmoja, jina lake Mwajabu, na binti yake, Sikudhani. Baba, Mzee Kidawa, alikuwa amekwenda kurina asali ng'ambo ya mto, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, na mbuzi wao. Sikudhani alikuwa mtoto mchangamfu, wallahi, mpaka alipotimiza miaka kumi na mitano. Hapo akageuka. Ukimwita, ananuna. Usipomwita, ananuna zaidi. Ukimwambia habari za asubuhi, anauliza kwani asubuhi imefanya nini. Chunusi ikamtoka puani, akashinda ndani siku nne. Mwajabu akawa hajui ashike wapi, aache wapi.

Basi siku ya kula mavuno mapya, fisi mzee aliyeitwa Babu Kingugwa akaja kula kama kawaida ya watani. Akaketi. Akamtazama Sikudhani anavyosonga ugali.

"Mjukuu wangu," akasema, "hicho puani ni chunusi, au mwaka huu umelima nyanya?"

Watu wakacheka. Mwajabu naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Sikudhani akanyanyua mwiko, pa! Akampiga Babu Kingugwa puani.

 Hata kuku waliacha kuparura.

Babu Kingugwa akajifuta ugali, akaulamba, akasema kwa upole, "Bado mbichi." Kisha akasema, "Umempiga mtani, mjukuu wangu. Hutaki kuchekwa na fisi? Basi utakuwa fisi. Siku ya tatu kuanzia kesho ndiyo siku yako ya kutolewa uwanjani, sisi watani tukutanie, utujibu, uitwe mtu mzima. Jua la siku hiyo likizama bado umenuna, nakuchukua ukakae na sisi porini."

Akachukua sufuria ya nyama, kwa kuwa utani ni utani, akaenda zake.

Mwajabu hakulala. Alijiambia mzee anatishia tu, wazee wanapenda kutishia, lakini kulipokucha akasikia kelele chumbani, akakimbia, na alichokiona, jamani! Mtoto ana masikio ya fisi. Mawili. Makubwa, ya mviringo, yana manyoya ndani.

"Mama, usiseme kitu," akasema Sikudhani.

"Sijasema."

"Unayaangalia."

"Siyaangalii, mwanangu, yapo tu mbele yangu."

Mwajabu akamfunga kilemba, akakaza, akakaza tena. Mara hodi! Bi Somoe, jirani, yule anayeazima vitu ili aone ndani.

"Nimekuja kuazima ungo. Mbona kichwa cha mtoto kimekuwa kama boga?"

"Ana mafua," akasema Mwajabu.

"Mafua ya kichwa?"

"Yamepanda juu."

Kilemba kikainuka chenyewe, upande wa kulia, kusikiliza. Mwajabu akampa Bi Somoe ungo, akampa na chekecheke ambalo hakuliomba, akamsukuma nje.

Halafu akachukua mfupa wa paja la ng'ombe, mbio mpaka kwa Babu Kingugwa. Akapiga magoti. "Shikamoo, babu. Nakuomba radhi, ni mtoto, hajui, mimi ndiye nimemlea vibaya, pokea huu."

Babu Kingugwa akapokea. Akautafuna mfupa wote, akalamba vidole, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu. Lakini wewe hukunipiga. Rudi nyumbani."

Siku ya pili ikaja mkia. Mfupi, wenye nywele nyeusi kwenye ncha. Ikaja na miguu ya nyuma iliyofupika, mgongo ukainama kama paa la nyumba, akiweka ndoo kichwani maji yanamwagikia kisigino. Mwajabu akamvisha kanga tatu, moja juu ya nyingine, mtoto akawa kama mzigo wa dobi.

Mbuzi akaja mlangoni, amesimama wima kwa hasira.

"Mama Sikudhani, mimi nina malalamiko."

"Sema haraka, nina kazi."

"Huyu binti ananiangalia."

"Si macho yake? Aangalie wapi?"

"Ananiangalia paja, mama. Tena amemeza mate. Tangu leo mimi nakaa na wewe, unapokwenda nakwenda."

Na kweli, Mwajabu alipokwenda tena kwa Babu Kingugwa, mbuzi alimfuata nyuma akilalamika njia nzima. Safari hii Mwajabu alibeba mifupa miwili na utumbo. Babu Kingugwa akala mifupa, akala utumbo, akamwangalia na mbuzi kwa matumaini, akasema, "Hukunipiga wewe. Rudi nyumbani."

Mwajabu aliporudi alimkuta Sikudhani amejificha uvunguni mwa kitanda, mkia umebaki nje.

"Mwanangu, toka ule."

"Sitoki. Wataniona. Watanicheka."

"Hakuna atakayekuona, mimi nitafunga madirisha."

"Mama, hata kabla ya masikio nilikuwa naona wananicheka." Akauvuta mkia ndani. "Kila asubuhi naamka nakuta mwili umeniletea kitu kipya, siujui, sikuuomba. Juzi chunusi, jana masikio, leo huu. Kesho utaniletea nini?"

 Mwajabu akalala chini sakafuni, akaingiza mkono uvunguni, akamshika mkono, na mkono ulikuwa na kucha ndefu, na hakuuachia.

Siku ya tatu ikaja sauti. Sikudhani alifungua kinywa aseme "mama", kikatoka kicheko cha fisi, "Hii-hi-hi-hiii!", na machozi yanamtiririka palepale. Akajifunika kinywa kwa mikono miwili, akajifungia ndani.

Na nje watu walikuwa wameanza kukusanyika. Ngoma ikalia. Bi Somoe akakaa mbele kabisa, na chekecheke lake. Babu Kingugwa akaja na ukoo mzima, wakaketi safu moja, wakangoja, na jua lilikuwa limekwisha kuegemea miti.

Mwajabu akasimama mlangoni, mchi mkononi, mbuzi nyuma yake.

"Hatoki mtu hapa! Haingii mtu! Mwanangu ana surua!"

"Juzi ulisema mafua," akasema Bi Somoe.

"Mafua yameiva yakawa surua!"

"Mwajabu, mlete mtoto, jua linakwenda," akasema Babu Kingugwa.

Mara, kutoka ndani, "Hii-hi-hi-hiii!"

Watu wote wakageuka. Ngoma ikanyamaza.

Mwajabu moyo ulimpasuka. Wamemsikia! Akatafuta uongo, akakosa, uongo wote alikuwa ameumaliza. Basi akasema neno la kwanza lililomjia.

"Ni mimi!"

"Wewe?" akauliza Bi Somoe.

"Mimi! Ndivyo ninavyocheka siku hizi. Hamnijui? Sikilizeni!" Na mama wa watu, mke wa Mzee Kidawa, anayeheshimika, anayesomesha watoto adabu, akainua shingo, akafumba macho, akatoa, "Hii-hi... hiii! Huu! Hii-hi-kho, kho, kho!" Akapaliwa. Mchi ukamwangukia kidoleni. Akaruka kwa mguu mmoja huku bado anacheka ili wasijue, na mbuzi, kwa kumuunga mkono, naye akatoa chake, "Mee-hee-hee!"

Sikudhani alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa mlango. Alimwona mama yake, anaruka, analia kwa maumivu, anacheka kwa nguvu, mbele ya kijiji kizima, kwa ajili yake. Kitu kikamtekenya tumboni. Akajizuia. Kikapanda kifuani. Akajizuia. Kikafika kooni, na hapo hakuna aliyewahi kujizuia.

Akacheka. Akacheka mpaka akauangukia mlango, mlango ukafunguka, akabingirika mpaka katikati ya uwanja, masikio nje, mkia nje, kanga tatu huko na huko.

Watu wakaona kila kitu. Mwajabu akafunika uso.

Babu Kingugwa akainuka taratibu. Akamzunguka Sikudhani mara moja. "Mjukuu wangu," akasema, "nimeona fisi wengi, lakini wewe! Unatembea kama bata aliyekanyaga uji wa moto."

 Mdomo wa Sikudhani ukatetemeka. Mwajabu akauona, akajua, basi, sasa ananuna, sasa wananichukulia.

"Shikamoo, babu," akasema Sikudhani, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Na wewe unatembea vizuri wapi, na mgongo huu? Nimekaa nao siku mbili, kila kiti nateleza! Ninyi mnakaaje? Mnagongomewa misumari? Na mkia huu, babu, mfupi hivi, mnafukuza nzi au mnawapungia mkono?"

Weee! Uwanja ukalipuka. Fisi wakaanguka kwa kucheka, mmoja juu ya mwingine. Bi Somoe akapoteza chekecheke. Babu Kingugwa akacheka mpaka akashika mti, akafuta macho, akasema, "Huyu amekua. Mpigieni vigelegele."

Wakapiga. Na kila kigelegele masikio yalinywea kidogo, mgongo ukanyooka kidogo, na jua lilipogusa ardhi mkia ukadondoka wenyewe, tap! Mjukuu mmoja wa fisi akauokota akauchezea.

Mwajabu akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akasema, "Mama, unanibana."

"Nyamaza nikubane."

Ila kicheko kilibaki. Mpaka alipozeeka Sikudhani alicheka hivyohivyo, hii-hi-hiii, harusini na sokoni, watu wakishtuka yeye anazidisha.

Basi wanangu, funzo ni hili. Unapokua, mwili na moyo vitakuletea mageni, na ukikasirika kila anapocheka mtu, utabaki peke yako na hasira zako porini. Jicheke kwanza, uchekwe na wakupendao, hutapungukiwa kitu. Na sisi mama zenu, tukome kufungafunga vilemba na kusema ni mafua. Mtoto anayebadilika si wa kufichwa, ni wa kushikwa mkono.

Ngano yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeketi. Iliyo tamu kaileni nyote. Iliyo chungu niachieni mwenyewe niimalizie na chai.