Firigisi ya Jiulize

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Sema wewe, sisi tumekuja na masikio tu!

Basi pakawa na mzee, pakawa na mbwa, pakawa na kengele moja iliyovaliwa na shingo mbili. Sogeeni. Mwenye karanga mdomoni amalize kutafuna, maana leo nasimulia taratibu na sipendi kukatizwa.

Hapo kale, upande wa nyika, kule mashamba ya mihogo yanakokoma na vichaka vinakoanza, aliondokea msasi mmoja wa ndege, jina lake Tsofa. Mkewe aliitwa Mbodze. Mbwa wake aliitwa Jiulize. Jina hilo mzee alilitoa makusudi, kwa sababu alikuwa na majirani wenye maneno mengi, na kila asubuhi alitaka wamsikie akiita: "Jiulize! We, Jiulize!" Na kweli majirani walikuwa wakijiuliza.

Sasa sikilizeni jinsi watu hawa walivyosasi. Mbwa alivishwa kengele ya mbao shingoni. Alipokuwa akinusanusa vichakani, kengele ililia: ngo, ngo, ngo. Alipowaona kanga aliganda palepale, na kengele ikanyamaza. Basi msasi alikwenda kule kwenye kimya, upinde mkononi, akapiga kofi, kanga wakaruka, naye akaachia mshale. Mbwa akamwokota ndege na kumleta. Hivyo tu. Kengele ikilia, ngoja. Kengele ikinyamaza, nenda.

Na walikuwa na mwiko wao mmoja, mkubwa. Firigisi ya ndege ni ya aliyemuua. Hapewi mgeni, hapewi mtoto anayelia, hapewi hata mkuu wa wasasi. Aliyeua ndiye anayekula, basi. Tena walisema ukiila firigisi ya ndege usiyemuua, haishuki, inakukaa kooni mpaka useme ukweli.

Miaka ikaenda. Tsofa akazeeka, na Jiulize naye akazeeka. Mzee macho yakaingia ukungu. Mbwa kiuno kikakaza, mwendo ukawa wa polepole, wa mgonjwa aliyetoka kitandani jana. Ungewaona wakitoka asubuhi ungewahurumia. Lakini jioni, ndugu zangu, jioni walirudi na kanga! Wasasi vijana, macho makali, mbwa wenye mbio, walirudi wakipangusa jasho. Tsofa akarudi na kanga begani.

"Mzee, unampigaje na macho hayo?" walimwuliza.

"Kwa masikio," akajibu, na kifua kikamjaa. "Nasikia mabawa, naachia."

Na yeye mwenyewe aliamini. Wewe ungekataa? Unasikia mabawa, unaachia mshale, mbwa anakuletea ndege. Nani atakwenda kumwuliza mbwa?

Lakini siku moja alimpokea ndege kutoka kinywani mwa Jiulize, akampapasa kutafuta mshale ulipoingia. Akapapasa bawa, hakuna. Akapapasa kifua, hakuna. Akapapasa mgongo, hakuna. Shingo ilikuwa imelowa mate, basi.

Mzee akasimama katikati ya nyika akikuna kichwa. "Mbona huyu hana tundu? Kafa kwa nini?"

Swali lile lilimwingia kama mchanga ndani ya kiatu. Usiku halikumpa usingizi. Akasema, kesho nitajaribu nione.

Siku ya kwanza, kengele ikalia, ikanyamaza. Tsofa akaenda, akapiga kofi, kanga wakaruka upande wa kulia. Yeye akageuka na kupiga mshale upande wa kushoto, kusikokuwa na kitu. Akangoja. Jiulize akaja na kanga.

"Ajabu," akasema Tsofa.

Siku ya pili, kengele ikalia, ikanyamaza. Safari hii hakuweka mshale kabisa. Alivuta uzi mtupu akauachia: ting! Akangoja. Jiulize akaja na kanga.

"Ajabu kubwa," akasema Tsofa.

Siku ya tatu hakufanya lolote. Alikaa chini, upinde mapajani, mikono juu ya magoti. Akatega sikio. Na hapo, kwa kuwa safari hii hakuwa na haraka ya kupiga, ndipo aliposikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Kengele ilikuwa imenyamaza, ndiyo, lakini majani yalikuwa yanasogea. Sss. Kimya. Sss. Kimya. Mbwa hakuwa ameganda! Alikuwa anatembea, ila polepole mno, kwa kile kiuno chake kibovu, hata kengele haikutikisika. Kanga walikuwa wakiingoja kengele, kama wanavyoingoja ya mbwa yeyote, na kengele haikulia. Mara, bap! Mabawa yakavuma, kundi likaondoka, na mmoja hakuondoka.

Jiulize akaja. Akasimama mbele ya mzee na ndege kinywani. Tsofa akanyoosha mkono apokee.

Mbwa hakutoa.

"Lete," mzee akasema.

Mbwa hakutoa. Akainamisha kichwa, akausukuma upinde kwa pua yake. Akangoja. Akausukuma tena. Akangoja. Akausukuma mara ya tatu.

Tsofa alikaa pale kinywa wazi. Kisha polepole akashika uzi, akauvuta kidogo, akauachia. Ting.

Jiulize akamweka ndege miguuni pake na kutikisa mkia.

Mnaelewa alichokuwa akifanya yule mbwa? Basi mimi sisemi zaidi. Nasema tu kwamba mzee alimkumbatia shingoni na kengele yake, akalia, na hakuona haya, maana hapakuwa na mtu.

Haya yenyewe ilimjia jioni, wakati wa chakula. Mbodze alichoma firigisi kama siku zote, akaitia chumvi, akamwekea mumewe. Tsofa akaitazama. Miaka miwili amekuwa akiila! Tena imeshuka vizuri kabisa, wala haikumkaa kooni hata siku moja.

"Huli?" mkewe akauliza.

"Jino linaniuma."

Kesho yake: "Huli?"

"Jino."

Kesho kutwa: "Huli?"

"Jino, mke wangu, nimesema jino."

Mbodze akamtazama, akatazama sinia, akamtazama mbwa. Akanyamaza. Na Mbodze kunyamaza halikuwa jambo la kila siku.

Kwa nini mzee hakumtupia mbwa firigisi, yakaisha? Kwa sababu watu wa pale walikula uani, wazi, kila mtu akiona sinia la mwenzake. Angempa mbwa firigisi, kijiji kizima kingejua nani anaua ndege. Na kijiji kikijua, angempoteza Jiulize. Sheria ya wasasi ilikuwa hivi: msasi akipofuka atatundika upinde wake kwenye banda la wasasi, na mbwa wake, kama bado anafaa, atapewa msasi mwenye macho. Walisema mbwa mzima ni mali ya kijiji. Kwa hiyo Tsofa aliumwa na jino ambalo alikuwa hanalo tangu mwaka juzi.

Ikafika siku ya kutundika pinde. Hufanywa mara moja kwa mwaka, mtama ukishavunwa. Wasasi wote uwanjani, na wake zao, na mbwa wao. Mkuu wa wasasi, Mzee Ngowa, akaketi kwenye kigoda chake.

Akasimama Munga. Munga alikuwa msasi hodari, mwenye ndevu zake na mbwa watatu wenye mbio, na siku nyingi alikuwa akimtamani Jiulize.

"Wazee wangu," akasema, "kwa heshima zote. Juzi nimempita Mzee Tsofa njiani akisalimiana na kisiki. Amekiuliza habari za watoto."

Watu wakacheka sana. Tsofa naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kengele ya Jiulize.

"Nilidhani ni wewe, Munga," akasema. "Kisiki kilinijibu vizuri kukushinda wewe."

Wakacheka tena. Mzee Ngowa akainua mkono.

"Tsofa, ndugu yangu, tumeanza kusasi pamoja mimi na wewe. Unaona?"

"Naona kiasi."

"Kanga wa jana ulimpiga wewe?"

Tsofa akakohoa. "Si nilimleta?"

"Kuleta nimekusikia. Nauliza kupiga." Ngowa akamgeukia Mbodze. "Shemeji, yule ndege yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Firigisi yake sijaichoma."

"Ilete, ichomwe hapa. Tsofa ataila mbele yetu. Akila, macho yake ni mazima, na hatutamwuliza tena mpaka afe. Asipokula, upinde utatundikwa na Munga atamchukua mbwa."

Ikaletwa. Ikachomwa. Ikanukia. Mbodze akampa mumewe mkononi, akarudi nyuma hatua moja.

Wewe pale, unayetafuna tena, ungefanya nini? Kula tu! Si ni kipande cha nyama? Wengine wote uwanjani waliamini kwamba firigisi ya wizi haishuki. Tsofa peke yake alijua kwamba inashuka, na kwa chumvi inashuka vizuri zaidi. Angetafuna, angemeza, angekwenda nyumbani na mbwa wake. Hakuna ambaye angejua.

Akaipeleka mdomoni. Ikagusa mdomo.

Jiulize alikuwa amekaa karibu na goti lake. Hakuomba. Hakulia. Hakutoa hata ulimi. Alikuwa ametazama kando, kule vichakani, kama mtu mzima aliyewaachia wenye chakula wakile. Kama angeomba, nadhani mzee angekula. Lakini hakuomba.

Tsofa akateremsha mkono. Akauinamisha mpaka chini, akafungua kiganja.

"Kula, baba," akasema. "Ni yako. Na zile zingine zote zilikuwa zako, unisamehe."

Mbwa akala.

Tsofa akasema yote, mshale wa kushoto, uzi mtupu, na pua ile iliyosukuma upinde mara tatu. Kisha akauvua upinde begani na kumpa Ngowa kwa mikono miwili.

Munga akasogea na kamba. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie, alikuwa na haki yake. Alikuwa ameinama ili amfunge mbwa, mara Mbodze akasema:

"Munga, mwanangu. Unamfunga nani?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa yupi? Mimi hapa naona msasi. Au macho yangu nayo mabovu?"

Munga akabaki ameinama, kamba mkononi.

"Nyie mlisema firigisi ni ya aliyeua," Mbodze akaendelea, na sasa alikuwa amejifunga leso kiunoni. "Kaila nani, mbele yenu nyote? Imemkaa kooni? Haya. Basi huyu ni msasi kama wewe, na tangu lini msasi anafungwa kamba akagawiwa?"

"Mke wangu," Tsofa akanong'ona, "wewe ulijua?"

"Nani anawanyonyoa hao ndege? Wewe? Miaka miwili nimenyonyoa kanga wasio na tundu. Nilikuwa nangoja nione utasema lini."

Mzee Ngowa alianza kucheka kwa tumbo, kisha kwa mabega, kisha akafuta machozi.

"Mbodze amenifunga," akasema. "Mwiko ni wetu wenyewe na hauna tundu la kutokea. Aliyekula firigisi mbele ya wasasi ni msasi. Na msasi hagawiwi. Munga, kunja kamba."

Munga akakunja kamba. "Sawa, mzee. Lakini Tsofa je? Hana upinde sasa. Kule nyikani atakwenda kama nani?"

Ngowa akafikiri. Akamtazama mbwa, akamtazama mzee.

"Msasi huenda na mwenzake wa kuokota ndege na kumbeba mpaka nyumbani," akasema. "Na huyo mwenzake huvaa kengele."

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka kwa vicheko. Tsofa alicheka kuliko wote. Alimvua Jiulize kengele kwa mikono yake mwenyewe, akainamisha shingo, na Mbodze akamfunga.

"Isikubane," akasema mkewe.

"Inanitosha," akasema Tsofa.

Tangu siku hiyo, ukipita upande ule asubuhi ungesikia ngo, ngo, ngo, ukadhani ni mbwa. Kumbe ni Mzee Tsofa anayapapasa majani kwa fimbo, kapu mgongoni. Jiulize alikuwa mbele, shingo tupu, haendi haraka. Jioni walirudi na kanga, na firigisi iliwekwa chini, kwenye kibakuli cha mwenyewe.

Na jambo moja zaidi, alilisema Munga, aliyewafuata siku moja kwa kujificha kwa sababu alitaka kujua tu. Mzee alichoka, akakaa chini ya jua lile, na kengele ikanyamaza. Jiulize alikuwa hatua mbili kutoka kwa kanga mnono. Alitega sikio. Akamwacha yule kanga palepale alipo, akageuka, akarudi mdogomdogo kwa kile kiuno chake kibovu, kukifuata kile kimya.

Hadithi yangu naitundika bandani, karibu na upinde wa Tsofa. Ikiwa tamu, itungueni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni, nina mbwa nyumbani nitamsimulia.

— Tumeitungua!

Haya, nendeni mkalale.