Sinia Moja kwa Wanafunzi wa Zarkani

Wametusimulia waliotutangulia, ndugu zangu katika imani, kwamba katika mji wa Zarkani, mji wa mashariki uliosifika kwa ngozi zake laini, aliishi mfanyabiashara aliyeitwa Harith bin Zurara, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa tajiri, na utajiri wake ulikuwa wa halali. Akikuuzia ngozi yenye tundu, alikuonyesha tundu lenyewe kabla hujaulizia bei. Zaka aliitoa bila kukumbushwa, na ushuru wa mji aliulipa bila kunung'unika. Watu walimpenda na pia walimwogopa kidogo, kwani alikuwa na tabia ya kusema alichokiona kuwa ni haki, mahali popote na mbele ya yeyote.

Mji huo ulikuwa na chuo kikuu ambako vijana walisomeshwa fiqhi, hesabu, falaki na tiba. Walimu wake walikuwa wacha Mungu na wajuzi. Lakini chakula cha mwanafunzi, chumba chake, karatasi zake na haki ya mwalimu, vyote vilikuwa juu ya mzazi. Kwa hiyo waliosoma pale walikuwa watoto wa wenye nacho. Ikawa kila kadhi anayewekwa ni mtoto wa tajiri, na kila tabibu ni mtoto wa tajiri, na masikini akiitwa mahakamani alikwenda huku ameshakata tamaa.

Wali wa Zarkani siku hizo alikuwa Mundhir bin Jabala, mtu mpole aliyependa ushauri. Ijumaa moja, baada ya sala, alisimama mbele ya waumini akawaeleza nia yake. Alitaka Baitul-mali, hazina ya Waislamu wote, ibebe gharama zote za chuo, ili kijana yeyote mwenye akili na bidii asome bila mzazi wake kuulizwa kitu. Akamwomba kila mwenye maoni aseme bila hofu.

Walimu walishukuru. Wazazi wa wanafunzi walishukuru zaidi. Kisha akasimama Harith, ambaye wanawe wawili walikuwa wakisoma chuoni, na watu wakadhani naye anataka kushukuru.

"Ewe Wali," alisema, "ukilipitisha jambo hili, mimi nitapata nafuu kubwa, na ndiyo maana naona haya kunyamaza. Mali ya hazina inatoka wapi? Sehemu yake ni ushuru wa langoni, anaoutoa mchukuzi wa kuni na mwuza maziwa kila anapoingia mjini. Watoto wao hawamo chuoni. Je, ni haki mchukuzi wa kuni amsomeshee Harith watoto wake?"

Wapo waliodhani Wali atakasirika, kwa kuwa jambo lenyewe alilipenda sana. Lakini Mundhir aliinamisha kichwa, na alipokiinua alikiri kwamba hilo hakulifikiria. Akamwomba Harith mwenyewe aisimamie fedha ya chuo na aipange atakavyoona ni haki. Harith alijaribu kujitoa, akataja biashara yake na umri wake. Wali akamwambia kuwa hajui wa kumkabidhi mali ya watu isipokuwa mtu aliyesimama kuitetea dhidi ya manufaa ya nyumba yake mwenyewe. Harith akaipokea amana ile kwa hofu.

Akapanga hivi. Mwenye uwezo aendelee kumlipia mwanawe. Asiye na uwezo aje katika ua wa chuo baada ya Alasiri, pamoja na majirani wawili wa kumshuhudia kuwa ni fukara kweli, na hapo hazina itambebea kila kitu. Likajengwa jiko la pili upande wa magharibi wa ua, kwa ajili ya wanafunzi wa hazina. Harith aliwapokea waombaji kwa upole na hakumfokea hata mmoja. Vijana wengi wa nyumba za chini waliingia chuoni kwa njia hiyo. Naye akirudi nyumbani jioni alimshukuru Mola wake, akiamini kwamba mali ya mchukuzi wa kuni imefika mahali pake.

Hata siku moja Sheikh Abu Taghlib, mkuu wa chuo, alimjia dukani. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Akamwambia kuwa mwanafunzi aliyekuwa mbele ya wenzake wote katika fiqhi, kijana aitwaye Wahban bin Dulaf, alifiwa na baba yake aliyekuwa akimlipia, na tangu hapo hajaonekana darsani. Harith alishangaa, akasema jina hilo halikupata kuletwa mbele yake uani.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema Sheikh, akaaga.

Harith hakumtuma mtu. Alifunga duka akaenda mwenyewe, akiulizia njia, mpaka akafika kwa mama yake Wahban, Bi Lubaba, mjane aliyefua sufu za watu ukingoni mwa mto. Bibi yule alimkaribisha kwa heshima, akampa maji ya kunywa, akamweleza kuwa mwanawe yuko kwenye matanuri ya matofali nje ya mji, anafanya kibarua. Harith akamwuliza kwa nini hakumleta chuoni, ilhali njia ilikuwa wazi kwa kila asiye na uwezo.

Bi Lubaba alitazama mikono yake iliyochakaa kwa maji.

"Alikuja, bwana," akasema. "Alikuja na majirani zake wawili kama ulivyoagiza. Akasimama mlangoni mwa ua, akawaona wale waliotangulia wanavyokula upande wao peke yao. Na akasikia wenzao wanavyowaita. Wanawaita wana wa mashahidi, kana kwamba baba zao ni wale majirani wanaowashuhudia ufukara. Akawaomba radhi majirani, akarudi. Mwanangu hana kiburi, bwana. Tofali anabeba, na watu wanamwona. Lakini kwenda kusoma elimu ya dini huku anachekwa kwa sababu baba yake amekufa, hilo lilimshinda."

Harith alikuwa amekaa katika ua ule kila Alasiri, na jina hilo hakuwahi kulisikia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

Punde Wahban akafika, vumbi jekundu limemtapakaa mpaka kwenye kope. Alipomtambua mgeni alimwamkia kwa adabu na akabaki amesimama. Harith akamwambia kuwa atamlipia yeye mwenyewe, kwa mali yake, kwa siri, tangu siku ile mpaka amalize, na hakuna atakayejua.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mzee wangu," akajibu kijana. "Lakini wale wenzangu watabaki na jina lao. Nitakaaje nao darsani, nikijua mimi nimepona na wao hawakupona?"

Harith akataka kujua ni nani aliyeanza kulitamka jina lile. Wahban akasema hawezi kusema. Bi Lubaba naye akageuza uso. Basi kwa kunyamaza kwao Harith akafahamu kwamba jina lile limetoka nyumbani kwake.

Alipofika nyumbani aliwaita wanawe. Mkubwa hakukana. Alisema lilikuwa neno la mzaha, nalo lilipendwa likaenea. Mkewe Harith, Bi Hunaida, alidhani mumewe atanyanyua fimbo, lakini hakuinyanyua. Alikaa chini kwenye mkeka mbele ya kijana, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jina limetoka kinywani mwako, lakini mashahidi niliwaweka mimi." Kijana aliyezoea kukaripiwa hakujua la kufanya mbele ya maneno hayo, akalia.

Ijumaa iliyofuata Harith alisimama tena msikitini. Akawaambia waumini kwamba aliposimama mara ya kwanza alisema kweli, na kweli hiyo bado ipo, haifai mchukuzi wa kuni amsomeshee tajiri. Lakini katika kuilinda mali ya masikini alikuwa ameivunja heshima ya masikini, na kijana bora wa chuo sasa anachoma matofali kwa sababu yake. Akaomba msamaha kwa wanafunzi wote waliopita mbele yake uani. Kisha akamwomba Wali mambo mawili. La kwanza, hazina iwalipie wanafunzi wote bila kumwuliza mtu babaye ni nani, nao wapikiwe jiko moja na wale sinia moja, mtoto wa Harith na mtoto wa mfua sufu. La pili, ushuru wa langoni uondolewe kwa wabebao mizigo kwa vichwa na kwa punda, na pengo lake lizibwe na wenye maduka makubwa na misafara.

"Na uanze na wauza ngozi," akasema, "maana hao nawajua wanachokipata."

Wali akamwuliza kama anajua wenzake wa soko watamfanya nini. Akajibu kwamba anajua.

Na walifanya kweli. Ushuru mpya ulipotangazwa, wauza ngozi wa Zarkani waliacha kumsalimia. Wakawaambia wachinjaji wasimpelekee ngozi, na wenye misafara wasipakie bidhaa yake. Biashara iliyojengwa na baba yake na babu yake ikaanza kudhoofu. Aliuza ghala, kisha akauza farasi, akawa anakwenda sokoni kwa miguu akipita mbele ya watu waliomgeuzia migongo. Bi Hunaida alipunguza watumishi, akaingia jikoni mwenyewe, wala hakumwuliza mumewe lolote. Ila siku moja, akimpakulia chakula, alimwambia kwamba siku zile za utajiri alikuwa akimheshimu, na siku hizi anamheshimu zaidi. Harith alisema baadaye kuwa neno hilo lilimshibisha kuliko kile chakula.

Ilipofika wakati wa dhiki kubwa, wenzake walimtuma mtu kwa siri. Wakamwahidi kumrudishia kila kitu, mradi tu asimame Ijumaa moja aseme kwamba jambo lile la chuo limekuwa zito kwa mji, na kwamba ameona afadhali lirudi kama zamani. Wali angemsikiliza yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Harith akamjibu yule mjumbe, "Nimesimama mara mbili mbele ya waumini. Mara ya pili nilisimama kwa sababu nilikuwa nimekosea. Mkinionyesha kosa jingine, nitasimama mara ya tatu na nitawashukuru. Lakini kunionyesha hasara yangu si kunionyesha kosa langu."

Mjumbe akarudi mikono mitupu. Harith akasubiri. Hakumlaani mtu, wala hakumpelekea Wali mashtaka. Taratibu, kadiri miaka ilivyopita, mmoja mmoja katika wale wauza ngozi akaanza kuitikia salamu, hasa wale ambao vijana wa chuo walikuwa wamewatibu wake zao na wazee wao. Biashara ya Harith ilirudi kiasi cha kumtosha, ingawa haikurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Ama Wahban, alirudi chuoni siku ile ile jiko la pili lilipobomolewa. Alisoma, akahitimu, akafundisha, na kadhi wa mji alipofariki, Wali aliwashauri wanazuoni, nao kwa kauli moja wakamtaja yeye. Akawa kadhi wa kwanza wa Zarkani aliyezaliwa ukingoni mwa mto.

Haikupita muda akaletewa kesi. Harith, sasa mzee wa kutembea kwa mkongojo, alikuwa amejenga ukuta nyuma ya nyumba yake, na mfinyanzi mmoja aitwaye Kurz akadai kuwa ukuta huo umeziba njia ya watu kwenda kisimani. Harith aliamini kwa dhati kuwa ardhi ile ni yake, na alikuwa na mashahidi. Kurz naye alileta mashahidi wake. Mji mzima ulikuja kusikiliza, na wengi waliona kesi imekwisha kabla ya kuanza, kwani nani asiyejua Harith alipoteza nini ili kijana yule asome.

Wahban aliwakalisha wote wawili mkeka mmoja. Aliwasikiliza mashahidi hadi wa mwisho, akaenda kwa miguu kuuona ukuta, akarudi, akatoa hukumu. Njia ni ya watu tangu zamani, na haki ya mpita njia haifutwi na mwenye nyumba. Ukuta ubomolewe.

Watu waliguna. Mwana mkubwa wa Harith, yule yule wa neno la mzaha, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye familia yake, alimshika baba yake mkono kumtoa mahakamani, huku uso umemwiva kwa hasira. Njiani alisema kwamba kadhi amesahau aliyemfikisha pale.

Mzee akasimama katikati ya njia akamtazama. Alikuwa akitabasamu.

"Angenipendelea mimi leo, mwanangu," akasema, "farasi wetu na ghala zetu zote zingekuwa zimepotea bure. Nenda kalete sururu kabla jua halijawa kali. Nataka jiwe la kwanza niling'oe mimi."

Ndugu zangu, watu wanabishana hadi leo kama mali ya umma iwasomeshe vijana wa vyuo vikuu, na kila upande una neno la kusikilizwa. Harith, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizisema hoja za pande zote mbili, na kila alipozisema zilimgharimu yeye kabla ya kumgharimu mtu mwingine. Nasi tukisimama kulizungumza jambo la watu wote, kwanza tujiulize tunatetea haki au tunatetea mfuko wetu. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kusema kweli isiyotufaa, na moyo wa kufurahi haki inapotuangukia.