Kisiki cha Mfenesi wa Bi Sikitu

Sogeeni karibu, nipeni masikio, nami nitawapa kisa chote.

Alikuwapo mjane, Bi Sikitu. Akiwa bado ndani kwenye eda, shemeji yake Makame aliukata mfenesi wake, akabeba mbao, akamwachia kisiki uani.

Eda ilipokwisha, Bi Sikitu alitoka na jembe, amejaa hasira. Akaking'oa, asubuhi akakikuta palepale. Akaking'oa tena, kikarudi. Mara ya tatu kisiki kikasema, "Sitoki kwa mkono usionikata."

Akaenda kwa Makame. "Njoo ung'oe ulichobakisha."

Makame akaja akicheka. Alipokigusa tu, kisiki kikachomoka chenyewe, kikamganda mgongoni.

"Shemeji, niombee kiniachie."

"Nilisikia kila pigo la shoka lako," alisema Bi Sikitu. "Nilikuita mara tatu kutoka ndani, ukaendelea kukata."

Makame akakibeba hadi kwake. Pale kikamwachia, kikaota mizizi katikati ya mlango wake, na hadi leo anaingia nyumbani kupitia dirishani.

Bi Sikitu hakucheka. Kwenye shimo lililoachwa na kisiki alipanda mche wa mfenesi, akaushindilia udongo kwa kisigino, hasira zingalimo moyoni.