Sauti ya Pili ya Gari la Mzee

Methali isemayo kwamba mkamia maji hayanywi haimkatazi mtu kiu. Humwonya yule anayeapa kuyanywa kwa njia yake tu, kwa pupa, mpaka kikombe kimponyoke. Asiyeamini na amtazame Spana.

Spana alikuwa fundi magari hodari, lakini mbishi wa kutupwa. Baba yake, dereva wa zamani wa mashindano, alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi wake umekuwa mzito. Daktari alisema wazi kuwa siku zake zilibaki za kuhesabu. Mzee alitamani jambo moja tu: kupanda tena gari lake.

Lilikuwa gari dogo la zamani, lenye injini isiyo na pistoni. Ndani yake chuma cha pembetatu huzunguka kama pia. Likikolea mwendo, vali za ziada za hewa hufunguka, na mngurumo hugeuka mlio mkali ambao mzee aliuita sauti ya pili. Sasa sauti hiyo ilikuwa imepotea. Gari liliwaka na kutembea vizuri, ila likikanyagwa sana lilibanwa pumzi.

"Mdogo wangu, mpandishe Baba hivyo hivyo," alisihi dada yake, aliyekuwa akimuuguza mzee. "Mzungushe mtaani tu, arudi apumzike."

"Dada, gari bubu simpandishi baba yangu! Litalia kwanza."

"Kwani amekuambia anataka mlio?"

Spana alimkata jicho, akainama tena kwenye injini.

Kila asubuhi mzee aliwekwa kitini mlangoni mwa gereji. Siku moja midomo yake ilihangaika sana. "Pu... puli... za."

"Nipulizie? Sawa, Baba!" Spana akanyakua kopo la dawa ya kulegeza kutu, akazilowesha vali.

Mzee akatikisa kichwa. "Puli... za!"

"Nimepulizia, Baba! Kopo zima limekwisha!"

Masikini mzee! Alikuwa akisema puliza. Vali zile husukumwa na upepo upitao katika mpira mwembamba. Ukiuchomoa na kuupuliza kwa mdomo, utajua mara moja kama umetoboka, na huo ulikuwa umepasuka. Yeye ndiye aliyemfundisha Spana hayo. Lakini sikio la mwenye pupa lina pamba. Mzee alifumba macho, chozi likamtiririka kwenye shavu lisilo na hisia, na hakulijua.

Spana, uvumilivu ukiwa umemwishia, alichukua koleo, akakishika kijiti cha vali na kukizungusha kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia ka! Vali ikafunguka.

"Nimekupata, mwanaharamu wewe!" alishangilia. Hakujua kwamba ncha ya vali ilikuwa imekatika na kudondokea ndani.

Aliwasha, akakanyaga mafuta. Sauti ya pili ikatoka, kali na safi, ikajaza gereji. Nusu ya uso wa mzee ikatabasamu. Mara chuma kikasaga chuma, injini ikakohoa, ikazima. Spana alijaribu kuwasha tena na tena, wapi! Ndani kulikuwa kumesagika.

Mzee, akili ikiwa bado kwenye ule mlio, hakuelewa kwamba gari limekufa. Aliunyosha mkono wake mzima kuelekea mlango wa gari. "Twe... nde," alisema.

Spana alipiga magoti mbele ya kiti, mikono imejaa grisi, akalia kama mtoto. "Baba, haliendi tena. Nimeliua."

Mkono wa mzee ulibaki hewani kitambo, kisha dada akaushusha taratibu na kuuweka mapajani. Wiki hiyo haikuisha kabla mzee hajafariki. Jeneza lilipotoka, lilipitishwa kando ya gari lililokufa.

Jioni waombolezaji walipotawanyika, dada alisimama mlangoni mwa gereji. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu.

"Baba alitaka kupanda," alimwambia Spana. "Mwenye kutaka kusikia ulikuwa wewe."

Mkamia maji hayanywi, na akiyanywa humpalia.